Somo: Biashara ya Haki Huanzia Kwenye Mizani

Kila siku sisi sote wa Mzenga na vijiji jirani tunauza na kununua. Asubuhi tunauza mihogo, jioni tunanunua sabuni. Leo tutajifunza biashara ya haki. Hii ni biashara ambayo muuzaji anapata malipo yanayolingana na jasho lake, na mnunuzi anapata bidhaa kamili kwa fedha yake. Hakuna anayepunjwa.

Wengine wakisikia maneno haya hudhani ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Yanatuhusu sana sisi tunaokaa wilaya ya Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, mji wenye walaji wengi. Lori linaingia kijijini likiwa tupu, linatoka limejaa. Swali ni hili: je, fedha iliyobaki kijijini inalingana na mzigo uliotoka?

Gunia lenye nundu

Mnunuzi anakuja na magunia yake. Mkulima anajaza gunia mpaka mdomoni. Mnunuzi anasema, "Bado, ongeza." Basi gunia linafungwa kamba juu, linaongezwa mzigo mpaka linaota nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia moja, lakini mzigo umezidi gunia.

Hebu tufanye hesabu. Bei tulizoweka ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi.

Gunia la mihogo la kilo 100 linauzwa shilingi 30,000. Kilo moja ni shilingi 300.
Gunia la lumbesa lina kilo 130, lakini bei ni ile ile shilingi 30,000.
Kilo 30 zimekwenda bure. 30 × 300 = shilingi 9,000.
Ukiuza magunia 10, umepoteza shilingi 90,000.

Fedha hiyo ni sare za watoto. Ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Hakuna aliyekuibia usiku. Umeitoa mwenyewe mchana kweupe, kwa sababu mzigo haukupimwa.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haikubali mchezo huu. Mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Kazi ya kukagua mizani ni ya Wakala wa Vipimo. Mizani iliyokaguliwa hubandikwa stika. Wewe sasa unajua kusoma, basi isome stika hiyo uone ni ya mwaka gani. Halafu, kabla mzigo haujawekwa, tazama kama mizani inasoma sifuri.

Lakini kuna tatizo. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi anakwenda nyumba ya pili. Huko akikubaliwa, yule wa kwanza anabaki na mihogo yake inaoza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe kwenye mkutano wa kijiji, ili wote tuseme neno moja. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ikapelekwa wilayani kuidhinishwa. Sehemu moja ya kupimia, mizani moja, na daftari moja.

Korosho zinazouzwa zikiwa maua

Mwezi wa saba na wa nane mikorosho inatoa maua. Huo ndio wakati fedha zimekwisha nyumbani. Mtoto anaumwa, au chakula kimepungua. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi. Anasema, "Chukua hii leo, utanilipa korosho wakati wa mavuno." Biashara hii ya kuuza korosho kwa bei ya chini nje ya utaratibu watu wanaiita kangomba.

Tuchukue mfano mwingine. Umepewa shilingi 50,000, utalipa kilo 50 za korosho. Wakati wa mavuno, bei baada ya makato ni shilingi 2,500 kwa kilo. Kilo 50 zina thamani ya shilingi 125,000. Kumbe mkopo wa miezi michache umekugharimu shilingi 75,000 zaidi ya ulizopokea!

Hatusemi kwamba mkopaji ni mjinga. Mtu mwenye mgonjwa ndani hangoji mnada. Dawa yake ni kuwa na mahali pengine pa kukopa. Watu wakiunda kikundi cha kuweka na kukopa, wakaweka akiba kidogo kidogo kila wiki kuanzia wakati wa mavuno, mwezi wa nane watakuwa na fedha yao wenyewe. Riba yake inarudi kwao.

Njia halali ya kuuza korosho ni stakabadhi ghalani. Sheria yake ilitungwa mwaka 2005, na korosho zilianza kuuzwa hivyo Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada. Tunza stakabadhi yako. Soma kilo zilizoandikwa kabla hujaondoka. Ukilipwa, uliza kila kato ni la nini.

Wenzetu wa kahawa

Mwaka 1988, huko Uholanzi, zilianza kuuzwa pakiti za kahawa zenye nembo ya Max Havelaar. Nembo hiyo ilimwambia mnywaji kwamba wakulima wamelipwa bei ya haki. Baadaye nchi nyingine zilifuata. Kuna bei ya chini ambayo mnunuzi hawezi kuishusha hata soko likianguka. Mwezi wa nane mwaka 2023, bei hiyo kwa arabika iliyooshwa iliwekwa dola 1.80 kwa ratili, kahawa ikiwa tayari kusafirishwa bandarini. Juu yake kuna senti 20 kwa kazi za maendeleo ambazo wanachama wenyewe wanaamua.

Hapa Tanzania, vyama vya KNCU cha Kilimanjaro na KCU cha Kagera vimeuza kahawa kwa njia hiyo. KCU kilitumia sehemu ya fedha hizo kununua hisa katika kiwanda cha TANICA kilichoko Bukoba. Kiwanda hicho kinatengeneza kahawa. Kwa hiyo mtu wa Mzenga akinunua kahawa yake, amenunua bidhaa ya kiwanda ambacho wakulima wenzake wana hisa ndani yake.

Tukiwa wanunuzi

Haki haina upande mmoja. Tusilalamikie lumbesa ya tajiri, halafu sisi wenyewe tukampunja jirani. Mama anayesuka mkeka anakata ukindu, anaukausha, anaupaka rangi, anasuka ukili kwa siku nyingi. Kabla ya kumwambia "punguza", uhesabu siku zake za kazi. Je, wewe ungekubali kulima kwa malipo hayo?

Dukani nako tusome. Pakiti imeandikwa uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama tarehe imepita, irudishe kwa adabu. Na kama umekopa sukari, lipa siku uliyoahidi. Mwenye duka naye ana watoto.

Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28, wakiwemo wafumaji wa nguo, walichoka kuuziwa unga uliochanganywa na uchafu na kupimiwa kwa mizani ya uongo. Kila mmoja alichanga pauni moja, wakafungua duka lao. Walianza na unga, siagi, sukari na shayiri. Walipima kwa haki, na faida waligawana kwa kadiri kila mtu alivyonunua. Duka hilo dogo likawa mfano wa vyama vya ushirika duniani.

Hapa kwetu, mwaka 1976 Serikali iliendesha Operesheni Maduka, ili maduka ya vijiji yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Ilisimamishwa mwaka ule ule. Tunajifunza nini? Duka la wote haliwezi kusimama kwa amri tu. Linataka watu wanaolitaka wenyewe, na wanaojua hesabu zake.

Tuhudhurie mikutano

Chama cha msingi si mali ya katibu. Ni mali ya wanachama, na kila mwanachama ana kura moja. Mkutano mkuu ukiitwa, twende, wake kwa waume. Tuulize: Tumeuza kilo ngapi? Kwa bei gani? Makato ni kiasi gani? Taarifa ya ukaguzi wa COASCO inasema nini? Anayeuliza si mkorofi. Analinda jasho la wote.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani wengi wetu tulikuwa hatuna uwezo wa kusoma daftari hilo. Leo tunao. Tuutumie.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Lumbesa ni nini? Hapa kijijini inatumika kwa mazao gani?
2. Gunia lina kilo 120. Bei ni shilingi 30,000 kwa kilo 100. Mkulima anapoteza shilingi ngapi?
3. Kwa nini watu huuza korosho kabla ya mavuno? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini?
4. Chukua pakiti yoyote iliyoko nyumbani. Soma uzito wake na tarehe ya mwisho. Ziandike katika daftari lako.