Mkusanyiko si Kabrasha: Kupanga Picha za Miswada katika Tarakilishi

Mtafiti aliyepiga picha za miswada ya mashairi ya kale huhitaji kuipanga picha ileile kwa mtunzi, kwa bahari na kwa lahaja. Akitumia makabrasha, hulazimika kuinakili mara tatu, na masahihisho ya nakala moja hayazifikii nyingine. Programu ya Adobe Lightroom, iliyotolewa mwaka 2007 (leo Lightroom Classic), huepusha adha hiyo kwa mikusanyiko. Jina hilo lenyewe hupotosha, kwani mkusanyiko hauna picha ndani yake bali vielekezi tu. Kuondoa picha humo hakuifuti diskini. Hatari ipo kwingine. Faili ikihamishwa au kubadilishwa jina nje ya programu, vielekezi vyake vyote hupotea njia, na mtafiti hubakia na kivuli cha ukurasa asioweza kuuchapisha hadi aielekeze programu upya penye faili.