Somo la Afya: Jinsi Zanzibar Ilivyopunguza Malaria na Yanayowahusu Wakazi wa Songea

Msimu wa mvua unapoingia wilayani Songea, maji hutuama kandokando ya mashamba ya mahindi na katika mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Humo ndimo mbu aina ya anofelesi hutaga mayai, na baada ya muda mfupi zahanati hupokea wagonjwa wengi wa homa. Wapo wanaoamini kwamba malaria haiepukiki. Historia ya Zanzibar inaonesha kwamba imani hiyo si sahihi. Inaonya pia kuwa mafanikio hupotea upesi yasipolindwa.

Funzo la mwaka 1968

Kuanzia miaka ya 1950, Unguja na Pemba zilitekeleza mpango wa kutokomeza malaria kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Kuta za nyumba zilipuliziwa dawa ya DDT, na maambukizi yakashuka sana. Mpango huo uliposimamishwa mwaka 1968, mbu waliongezeka tena na katika miaka michache ugonjwa ukarejea kwa kasi.

Hatua zilizofanikiwa

Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimejenga usugu dhidi ya klorokwini. Baadaye viligawiwa vyandarua vyenye dawa, na kuanzia mwaka 2006 nyumba zikapuliziwa dawa ya kuua mbu. Kufikia mwaka 2008 kiwango cha maambukizi kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano kilikuwa chini ya asilimia 1.

Kazi haikuishia hapo. Mgonjwa anapothibitika kuwa na malaria, taarifa hutumwa kwa simu, na afisa wa wilaya hufika nyumbani kwake kuwapima wanakaya wengine. Wenye vimelea hutibiwa hata kama hawana homa, kwa sababu mbu anaweza kuchukua vimelea kwa mtu asiyejihisi mgonjwa na kumwambukiza jirani. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2023 wagonjwa waliongezeka tena visiwani humo.

Hali ya Tanzania Bara

Tafiti za kitaifa zinaonesha kuwa maambukizi kwa watoto yalishuka kutoka takribani asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Mkoa wa Ruvuma una nafasi katika historia hiyo: pamoja na Lindi na Mtwara, ulikuwa wa kwanza kugawa vyandarua kupitia wanafunzi wa shule mwaka 2013. Hata hivyo, chandarua kilichofungiwa kabatini hakimkingi mtu yeyote.

Wajibu wa kila kaya

1. Mwenye homa apimwe ndani ya saa 24. Si kila homa ni malaria. Anayemeza dawa bila kipimo anaweza kuchelewesha matibabu ya nimonia au ugonjwa mwingine.

2. Mgonjwa amalize dozi ya dawa mseto kwa siku zote 3, hata akipata nafuu siku ya kwanza. Dawa isigawanywe wala kuwekwa akiba.

3. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya au aliyepoteza fahamu apelekwe kituoni mara moja, usiku au mchana.

4. Kila mwanakaya alale ndani ya chandarua kila usiku. Wanaolala kwenye vibanda vya shambani kulinda mazao wabebe chandarua chao. Vyandarua visitumike kuzungushia bustani au kuvulia samaki.

5. Mjamzito aanze kliniki mapema. Huko hupewa chandarua pamoja na dawa ya kuzuia malaria. Mtoto naye hupewa chandarua anapopata chanjo ya surua.

6. Mashimo ya matofali yasiyotumika yafukiwe kabla ya mvua.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa kijiji

Je, ni mashimo mangapi kijijini yanayotuamisha maji, na nani atayafukia? Je, ni kaya zipi zenye watoto au wajawazito ambazo hazina chandarua? Majibu yawasilishwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ili hatua zichukuliwe kabla ya wagonjwa kuongezeka.