SOMO LA KIINGEREZA: MANENO MADOGO YANAYOGEUZA MAANA



Hivi karibuni kijana mmoja wa mtaa wetu alituletea barua aliyoiandika kwa Kiingereza, ili tuitazame kabla haijapelekwa posta. Alikuwa amepewa kazi ya kuwashukuru rafiki zetu wa ng'ambo waliosaidia malezi ya yatima. Mwandiko ulikuwa mzuri, na tahajia haikuwa na kosa. Lakini aliandika hivi: "The grandmothers are looking for the orphans. We pray to you every day." Alikusudia kusema kwamba mabibi wanawatunza yatima, nasi twawaombea rafiki hao kila siku. Alichokiandika ni kwamba mabibi wanawatafuta yatima, kana kwamba wamepotea, nasi twawaomba rafiki hao kama tumwombavyo Mungu! Makosa yote mawili yalitoka katika maneno madogo kabisa: "for" na "to".

Tusimcheke. Wengi wetu hukosea hivyo hivyo, na watoto wetu wanaoingia kidato cha kwanza hupoteza alama kwa sababu hiyo. Basi tujifunze pamoja.

1. KWA NINI TUNAKOSEA

Katika Kiswahili kitenzi chenyewe hubeba kazi hii tumboni mwake. Twaomba, twaombea, twaandika, twaandikia, twapika, twapikia. Kiyao, Kimakonde na Kimakua navyo hufanya vivyo hivyo, hata mtoto wa Masasi au Newala amelizoea jambo hili tangu kunyonya. Kiingereza hakina mnyambuliko huo. Hukiacha kitenzi kama kilivyo, kisha huweka nyuma yake neno dogo, yaani kihusishi: "pray for", "write to", "cook for". Wala kihusishi hakichaguliwi kwa kukisia. Kila neno lina mwenzake.

Askofu Steere, ambaye mwaka 1876 aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Humo aliwaeleza Waingereza wenzake kauli hii ya kutendea. Wao walipaswa kujifunza kuliingiza neno dogo ndani ya kitenzi. Sisi twapaswa kujifunza kulitoa nje.

2. VITENZI

(a) Kitenzi kimoja chaweza kuwa na wenzake mbalimbali, na kila mmoja akageuza maana. Tazama mifano hii:

"look at" – tazama. "Look for" – tafuta. "Look after" – tunza.
"ask the doctor" – muulize daktari; "ask for the doctor" – taka daktari aitwe.
"pray to God" – mwombe Mungu. "Pray for the sick" – waombee wagonjwa.
"die of fever" – kufa kwa homa. "Die for a friend" – kufa kwa ajili ya rafiki.

Tena liko neno "believe". Ukisema "I believe the witness", maana yake wayakubali maneno ya shahidi kuwa kweli. Lakini "believe in" ni zaidi ya hapo: ni kumtegemea mtu na kujiweka mikononi mwake. Ndiyo maana tukiikiri Imani kwa Kiingereza twasema "believe in". Hatukiri tu kwamba Mungu yupo. Twakiri kwamba tumemtumaini.

(b) Viko vitenzi visivyotaka kihusishi, nasi huvibandika kwa kufuata Kiswahili. Kwa kuwa twasema "kuzungumza juu ya", huandika "We discussed about the roof". Ni kosa. Sahihi ni "We discussed the roof". Vivyo hivyo sema "We reached Newala", si "reached at"; na "She married a teacher", si "married with". Lakini angalia: "arrive" si kama "reach". Chenyewe hutaka kihusishi: "We arrived in Newala".

3. VIVUMISHI

Kariri hivi pamoja na wenzao: "afraid of", "full of", "good at", "similar to", "different from", "angry with" (kwa mtu), "married to". Sisi husema "sawa na", tukaandika "similar with". Twasema "hodari wa kuimba", tukaandika "good of singing". Yote mawili ni makosa.

4. MAJINA

Hapa pana mtego. Kitenzi chaweza kukataa kihusishi, na jina lake likakitaka:

"answer the letter", lakini "an answer to the letter".
"enter the church", lakini "the entrance to the church".
"discuss the roof", lakini "a discussion about the roof".

Pia neno letu "sababu ya" lina njia mbili. Sababu iliyoleta jambo, kama ugonjwa au ajali, ni "the cause of". Sababu ambayo mtu aeleza kwa tendo lake ni "the reason for".

5. KITENZI BAADA YA KIHUSISHI

Kitenzi kikifuata kihusishi huishia na "-ing". Twasema "asante kwa kutuma", basi wengine huandika "thank you for to send". Sahihi ni "thank you for sending".

6. ZOEZI

Jaza pengo, au acha wazi pasipotaka neno.

(1) The choir is good ___ singing.
(2) Thank you ___ visiting us.
(3) The tank is full ___ rainwater.
(4) What is the reason ___ your journey?
(5) We entered ___ the church quietly.
(6) She is looking ___ her sick mother. She washes her and cooks for her.

Majibu: (1) at, (2) for, (3) of, (4) for, (5) acha wazi, (6) after.

Shauri letu ni hili. Usiandike neno la Kiingereza peke yake katika daftari. Liandike pamoja na mwenzake, na sentensi moja chini yake. Maneno matatu kwa siku yatosha. Wazazi msiojua Kiingereza, mwambieni mtoto awasomee daftari lake kwa sauti jioni.

Yule kijana aliiandika barua yake upya, mabibi wakawa "looking after the orphans", nasi tukawa "praying for you". Barua imekwenda. Mtu anayeshukuru kwa kweli hujitahidi ili shukrani zake zifike kama alivyozikusudia.