SOMO LA KOMPYUTA: Kutengeneza ukurasa wa kosa



Katika somo lililopita tulimaliza fomu ya kuandikisha vijana wa mafunzo ya ufundi. Fomu inafanya kazi. Leo tunajiandaa kwa siku ambayo haitafanya kazi, maana siku hiyo itakuja.

Fikiria mama aliyenunua bando kwa fedha ya sabuni. Amejaza jina la mwanawe kwenye simu, amebonyeza "Tuma". Badala ya jibu anaona ukurasa mweupe wenye maneno ya Kiingereza: Internal Server Error. Kiingereza hakijui. Anachoelewa ni kwamba mwanawe amekataliwa. Huenda akatuma tena mara sita. Huenda akamwendea yule mtu anayedai kuwa na njia ya mkato ofisini, akamlipa. Kumbe hakuna aliyemkataa. Programu ilikwama tu.

Kila kivinjari kinapoomba ukurasa, seva hujibu kwa nambari ya tarakimu tatu. Nambari hizi ni sehemu ya kanuni za HTTP, ambazo toleo lake la 1.0 lilichapishwa mwaka 1996. 200 maana yake mambo ni sawa. Zinazoanza na 4 zinasema ombi lenyewe lina kasoro: 404 ukurasa haupo, 403 huna ruhusa. Zinazoanza na 5 zinasema kosa ni la seva: 500 programu imekwama, 503 huduma imesimama kwa muda. Mtumiaji hahitaji kuzikariri. Anataka kujua jambo moja: kosa ni langu au ni lenu?

Fomu yetu imeandikwa kwa Django. Tengeneza mafaili mawili, 404.html na 500.html, uyaweke moja kwa moja ndani ya folda ya templates. Kisha fungua settings.py uandike:

DEBUG = False

Jaza pia ALLOWED_HOSTS kwa jina la tovuti, la sivyo Django itakataa maombi yote. DEBUG ikibaki True, kurasa zako hazitaonekana kabisa. Utaonekana ukurasa mrefu wa fundi, wenye vipande vya programu, njia za mafaili na yaliyomo wakati huo, pengine hata majina ya walioandikishwa. Majina ya watu waliokimbia nchi yao si ya kuanikwa barazani. Hapa usifanye mzaha.

Faili la 500.html liwe jepesi kupita yote. Django haiupi ukurasa huo taarifa yoyote, kwa hiyo usijaribu kuandika jina la mtumiaji. Usiuunganishe na hifadhidata pia, maana huenda hifadhidata ndiyo iliyoanguka. Picha acha, rangi ziandike humo humo ndani. Mtu analipia kila megabaiti.

Lakini Django ikizimika kabisa, haiwezi kusema lolote. Hapo Nginx, iliyo mbele yake, ndiyo itakayojibu. Kwenye mipangilio yake andika:

error_page 502 503 504 /makosa/500.html;

Usisahau nukta-mkato mwishoni. Hakikisha folda ya makosa inasomwa na Nginx yenyewe, isirudishwe kwa Django iliyokwisha kuzimika. Wanaotumia Apache huandika ErrorDocument 404 /makosa/404.html. Anza na mkwaju, usiandike anwani nzima yenye http. Ukiiandika nzima, Apache humhamishia mtu kwenye ukurasa mwingine, na nambari ya kosa hupotea njiani.

Sasa maneno, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Hawa huandika "Lo! Kuna tatizo" na kuchora kikaragosi. Sisi tuandike hivi:

"Kosa limetokea kwetu, si kwako. Hii haina maana kwamba umekataliwa. Hatujui kama fomu yako imefika. Subiri nusu saa, kisha jaribu tena. Ikishindikana, andika siku na saa, uje dawati la maelezo. Kujiandikisha hakulipiwi. (Kosa 500)"

Usiandike kwamba fomu haikufika. Pengine ilihifadhiwa kabla programu haijakwama. Ukurasa wa 404 uwe na maneno mengine: anwani imekosewa au ukurasa umeondolewa, na kiungo cha kurudi mwanzo. Chini yake weka maneno hayo hayo kwa Kirundi na Kifaransa. Mwombe jirani anayezungumza lugha hiyo tangu utotoni akuandikie, usibahatishe.

Mwisho, jaribu. Fungua anwani isiyokuwepo uone 404. Kwa 500, kwenye kompyuta ya majaribio tu, weka mstari unaogawanya namba kwa sifuri, kisha uufute. Halafu zima Django uone kama Nginx inajibu. Kila mara tazama nambari kwa amri ya curl -I ikifuatiwa na anwani. Mstari wa kwanza ukionyesha 200 mahali pa 404, ukurasa wako unadanganya ingawa maneno yake ni mazuri. Rudi kwenye mipangilio.

Zoezi: andika maneno ya ukurasa wa 503 kwa siku ambayo umeme wa jua umekwisha. Yasizidi mistari mitano. Msomee mtu asiyejua kompyuta, kisha umwulize atafanya nini baada ya kuyasikia. Leta jibu lake darasani.