HAKI YA MFANYAKAZI TRENI INAPOBADILI MWENYEWE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Darasa la leo linahusu deni la mshahara. Hapa Marabo hatuna reli. Ya jirani ilikuwa ile ya Vicicongo, iliyoishia Mungbere. Lakini wako kati yetu wanaokwenda Kampala kwa biashara, na huko jambo hili limetokea.

Mwaka 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ilipewa reli za Kenya na Uganda iziendeshe kwa miaka 25. Disemba 2015 ikaanzisha treni ya abiria wa mjini, Kampala hadi Namanve. Mkataba haukufika hata nusu ya muda wake. Kenya ilirudisha reli yake mwaka 2017, na mwaka 2018 shirika la serikali, Uganda Railways Corporation, likaendesha lenyewe treni ile ya Kampala.

Injini na mabehewa hukabidhiwa kwa hesabu. Je, dereva, fundi na mkata tikiti? Miezi aliyofanya kazi bila kulipwa, miaka ya utumishi, akiba ya uzee, amdai nani? Kampuni itasema imeondoka. Serikali itasema si yeye aliyemwajiri.

Tutazame fiqhi ya mirathi. Surat An-Nisaa aya ya 11 inatanguliza wasia na deni, kisha ndipo warithi wapate. Mtoto hawezi kushika shamba na ng'ombe wa marehemu, kisha amwelekeze mdai kaburini. Ni kweli kwamba mrithi halazimiki kutoa mfukoni mwake kinachozidi mali iliyoachwa, na shirika linaweza kujitetea hivyo. Lakini reli, vituo na karakana ndiyo mali yenyewe iliyoachwa! Anayeichukua aanze na deni. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba anayemtumikisha mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshindani wake Siku ya Kiyama. Hapo haikutajwa kampuni wala serikali, wote wamo.

Sheria za watu nazo zimeliona. Marekani, tangu 1964, mji ukitaka fedha za serikali kuu ili kununua kampuni ya usafiri, sharti kwanza haki za wafanyakazi zilindwe. Na Sheria ya Kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mwajiri akibadilika, mikataba ya kazi iliyopo inaendelea kwa mwajiri mpya. Wenye wazee waliofanya kazi Kilo-Moto, iliyochukuliwa na serikali mwaka 1966, wanajua kwamba hili si la reli peke yake.

Basi aliye na kazi ya mshahara atunze mkataba, karatasi za malipo na namba yake ya CNSS. Al-Baqara aya ya 282 imetuamrisha kuandika madeni. Na bwana mpya akileta karatasi ya kukiri kwamba umelipwa yote, usitie sahihi kabla ya kuhesabu miezi yako mbele ya mashahidi.

Wabillahi tawfiq.