Mbwa mlinzi wa mifugo: kumlea ili akae na kundi

Kwa familia yenye mbuzi kumi au kumi na watano, kupoteza wawili kwa usiku mmoja ni kupoteza ada ya shule au fedha ya matibabu. Mara nyingi hasira hiyo huishia kwenye sumu. Sumu haichagui: huua fisi, huua tumbusi, huua mbwa wa jirani, na yaweza kumfikia mtoto. Ndiyo maana baadhi ya kamati huomba msaada wa kununua mbwa wakubwa wa ulinzi. Katika somo hili tunaeleza mbwa hawa ni wa namna gani, wanalelewaje, na mambo gani kamati na wafadhili wayapime kabla ya kutoa fedha.

Walitoka wapi?

Wafugaji wa nyanda za juu za Anatolia, nchini Uturuki, wamefuga mbwa hawa kwa karne nyingi ili kulinda kondoo. Wanaojulikana zaidi ni Kangal, walioitwa kwa jina la mji ulioko katika mkoa wa Sivas. Dume mzima huweza kufikia kilo 50 hadi 65. Wachunga wa huko huwavisha kola ya chuma yenye miiba, ili mnyama mkali asiweze kuwashika shingo.

Nchini Namibia, katika miaka ya 1980, wakulima waliua au kukamata maelfu ya duma kwa kuwaona kuwa maadui wa mifugo. Mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Dk. Laurie Marker mwaka 1990 na lenye makao karibu na mji wa Otjiwarongo, lilianza kuwapatia wakulima mbwa wa Anatolia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, asilimia 73 ya wafugaji waliojibu walisema hasara ya mifugo ilipungua sana baada ya kupata mbwa. Tukumbuke kwamba hayo ni maelezo ya wafugaji wenyewe. Hata hivyo, mfugaji anayeamini kuwa mifugo yake iko salama haharakishi kushika bunduki au sumu.

Anafanyaje kazi?

Mbwa mlinzi haswagi mifugo wala hawindi. Anaishi ndani ya kundi, anaweka harufu yake kuzunguka malisho, anabweka, na kusimama kati ya kundi na adui. Duma na mbweha wengi huondoka bila mapigano. Mbwa mzuri hupimwa kwa mambo matatu:

- Anakaa na kundi, harudi nyumbani.
- Haumizi mifugo.
- Analinda pale hatari inapotokea.

Mambo mawili ya kwanza hutegemea sana malezi.

Hatua za malezi

Wiki 8 hadi miezi 4. Mtoto wa mbwa huwaona kuwa ndugu zake wale anaokua nao. Kwa hiyo apelekwe zizini akiwa na umri wa wiki 8 hivi, si kulelewa jikoni. Atengewe sehemu ndogo ndani ya zizi pamoja na wana-kondoo au wana-mbuzi wapole wachache. Awekewe maji, kivuli, na pembe ya kujificha endapo kondoo mkubwa atampiga kichwa. Mwenye mifugo na mchunga wamshike kila siku, wamkague miguu na masikio, na wamfundishe jina lake, neno "hapana", na kukubali kamba. Watoto wa nyumbani wasimgeuze mwenzao wa michezo, maana atawafuata nyumbani.

Miezi 4 hadi 6. Aanze kutoka na kundi kwa matembezi mafupi, mchunga akiwepo. Safari ndefu kwenye jua kali humchosha, naye hujifunza kurudi nyumbani peke yake.

Miezi 6 hadi 18. Huu ndio wakati mgumu, na wengi hukata tamaa hapa. Mbwa ana nguvu za mkubwa na akili ya mtoto. Atakimbiza kondoo kwa mchezo, atauma masikio na mikia, au atafukuza swala. Akemewe pale pale anapotenda kosa. Akiadhibiwa saa moja baadaye hujifunza hofu tu. Asiachwe peke yake na wanaozaliwa. Akae kwa muda na madume wakubwa wasiovumilia mchezo. Wengine humning'inizia kigogo chepesi kwenye kola, kikigonga miguu ya mbele anapokimbia. Tusimpige kwa fimbo: mbwa anayemwogopa mchunga hatakaa karibu na kundi analolichunga.

Miaka 2. Kwa kawaida huwa amekomaa na anaweza kuaminiwa.

Katika hatua zote hizi mtu muhimu ni mchunga. Mara nyingi tunamwalika mwenye mifugo kwenye semina, kumbe anayeshinda na mbwa ni kijana wa kuajiriwa au mtoto wa nyumba. Asipofundishwa yeye, mafunzo yote ni bure.

Chakula na afya

Mbwa mwenye njaa huacha kazi akatafute chakula. Ugali mtupu hautoshi kwa mbwa anayekua; unahitaji kuongezwa dagaa, maziwa au nyama iliyopikwa. Alishwe zizini, si mlangoni mwa nyumba.

Asipewe vichwa wala viungo vibichi vya mifugo iliyochinjwa. Kwa njia hiyo hupata tegu, na mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi chake huleta kizunguzungu kwa kondoo. Tegu wa aina nyingine huleta malengelenge ya ini na mapafu kwa binadamu. Apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya afisa mifugo, chanjo ya kichaa cha mbwa na magonjwa mengine, na aogeshwe dhidi ya kupe. Ahasiwe ili asizurure.

Kuishi naye kijijini

Mbwa huyu hawezi kujua kwamba mgeni anayekatiza malishoni usiku ni katekista. Majirani waarifiwe mapema, na watoto wafundishwe wasikimbie kati ya kundi. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Je, anatufaa sisi?

Mbwa wa Anatolia wamejaribiwa pia Tanzania, katika vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako kuna simba na fisi. Mbwa mmoja hawezi kupigana na simba au kundi la fisi. Anaweza kutoa taarifa, lakini boma imara na watu wanaoamka bado vinahitajika.

Aidha, nchini Botswana watafiti wameona kwamba mbwa wa kienyeji waliolelewa na mifugo tangu udogo wanafanya kazi vizuri, kwa gharama ndogo. Ushauri wetu kwa kamati ni kufuata mpangilio huu: kwanza boma, pili mchunga anayelipwa na kufundishwa, tatu mtoto wa mbwa wa kienyeji aliyelelewa kwa hatua hizi, na mwisho mbwa wa kuagizwa.

Kwa wafadhili tunasema: bei ya kumnunua mbwa ni sehemu ndogo. Atakula kila siku kwa miaka kumi au zaidi. Msihesabu watoto wa mbwa waliogawiwa. Ulizeni ni wangapi bado wako na kundi baada ya miaka miwili, na mchangie ufuatiliaji wa muda huo.

Maswali ya kujadili

1. Mwaka uliopita tulipoteza mifugo mingapi, kwa mnyama gani, usiku au mchana?
2. Maboma yetu yana mapengo gani tunayoweza kuziba bila fedha za nje?
3. Ni nani hasa anashinda na mifugo yetu, na je, tumemsikiliza?
4. Nani atamlisha mbwa wakati wa njaa, watu wenyewe wanapokosa?
5. Mbwa akimuuma jirani, tumekubaliana nani atagharamia matibabu?