Jirani anapiga muziki usiku na wewe unauza laivu? Fuata ngazi hizi

Leo tuongee kelele, maana zinakula mtaji kimya kimya.

Mimi nauza viatu vya mtumba mtandaoni, nipo Usa River. Mzigo nachagua soko la Tengeru, na laivu naingia saa 3 usiku wateja wakiwa wametulia. Shida ikaanza jirani alipofungua grosari na kutoa spika nje. Wateja wananiandikia, "Dada, upo baa? Hatukusikii." Usiku mmoja nilipoteza oda nne, nikatoka nikamtukana. Kesho yake aliyeitwa kwa mwenyekiti ni mimi, nikaomba radhi!

Hapo ndipo nilijifunza: hasira haina ushahidi, daftari linao. Nilichofanya baadaye ni hiki:

1. Ongea naye mchana, kabla wateja wake hawajaja. Omba kitu kimoja kinachowezekana. Mimi niliomba spika iingie ndani.

2. Andika tarehe, saa kelele ilipoanza na ilipoisha, na hasara uliyopata. Rekodi sauti ukiwa ndani kwako. Ila usimrushe mtandaoni na matusi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeukia wewe.

3. Peleka barua kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kisha mtendaji wa kata. Majirani wengine wasaini. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

4. Isipotulia, nenda halmashauri. Sisi wa Meru ofisi ziko hapa hapa Usa River. Muone afisa mazingira, na afisa biashara pia, kwa sababu leseni ya vileo ina masaa yake.

5. Juu yake kuna NEMC, Kanda ya Kaskazini wako Arusha mjini. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zimeweka viwango vya sauti, na kuanzia saa 4 usiku kiwango kinashuka. Wao wanapima kwa kifaa, siyo kwa maneno. Na hawatanii: Mei 2024 walifungia baa na kumbi za starehe Dar es Salaam na mikoa mingine.

6. Ukitishiwa, au fujo imezidi usiku huo huo, nenda polisi. Kero kwa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Mahakamani kudai fidia au zuio iwe ngazi ya mwisho, maana inakula muda na hela.

Mimi niliishia kwa mtendaji. Tulikaa watatu, nikafungua daftari: siku kumi na saba zimeandikwa. Jirani akasoma, akanyamaza. Tukaandikishana spika ikae ndani, na saa 4 sauti ishuke. Wikiendi nyingine anajisahau, namkumbusha kwa karatasi yake mwenyewe. Urafiki hatuna, ila tunasalimiana.

Na wewe mwenye spika ya matangazo dukani, jiangalie. Sheria hiyo hiyo inakuhusu.

Leo usiku kelele ikianza usitoke nje. Chukua kalamu, andika saa.